Mama Ameenda Sokoni

Nakumbuka siku moja ya Jumanne, na kabla sijaisimulia niwataje waliokuwepo, maana shule yangu iliishia darasa la tatu lakini majina ya watu hayanitoki. Alikuwepo Deusi, kitinda mimba wangu, anayesaga unga kwenye mashine hapa Makanyagio. Alikuwepo mkewe Neema, mshonaji. Walikuwepo watoto wao wawili: Pendo wa miaka minne, na Joshua aliyekuwa ameachishwa ziwa juzi juzi tu. Alikuwepo jirani yetu Mama Shija, Msukuma aliyehamia huku na mumewe na ng'ombe wao, ambaye siku hizi ni kama ndugu yangu wa tumbo moja. Alikuwepo Elias wa bodaboda, mtu mzima mwenye mke wake, kwao Mishamo. Na nilikuwepo mimi, bibi yao, mwenye kosa la siku hiyo.

Mwanangu, nimesikia na wewe unataka kwenda kupumzika na mwenzio, watoto muwaache kwa bibi yao. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Sikuzuii. Kaa tu unisikilize.

Deusi na Neema walikuwa hawajakaa wawili tangu Pendo azaliwe. Wakionana jioni, maneno yao ni unga umekwisha, mtoto ana homa, fundi wa paa hajaja. Hawakugombana. Bora hata wangegombana, maana wanaogombana bado wanatazamana. Siku moja nilimkuta Neema kwenye cherehani, mguu uko juu ya pedeli lakini haukanyagi. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema, "Hapana, mama. Nimesahau nilikuwa nashona nini." Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Mti hauanzi kuanguka siku ile uliyousikia ukilia. Ulianza zamani.

Kwa hiyo Deusi aliposema amepata siku tano, anataka ampeleke mkewe Karema, wakakae ufukweni mwa ziwa, wale migebuka, samaki wa huko, mmoja asisage na mwingine asishone, mimi ndiye niliyesema nendeni. Mama Shija alicheka. "Kwetu mtu akiacha watoto wadogo anakwenda kuzika au kuuguza," alisema. "Hawa wanakwenda kuoga?" Neema aliposikia hivyo akataka kughairi. Nikamwambia usighairi, mdomo wa jirani hauna kazi ya kufanya. Hapo nilisema vizuri. Ningenyamaza hapo hapo.

Lakini nikaongeza la pili. Nikawaambia mtoto asione begi. Pendo akiliona atalia, mkiondoka na kilio mtakaa nacho huko hadi mrudi. Kwetu ndivyo tulivyozoea, na nyie mnajua: mtoto anaonyeshwa kitu uani, mzazi anapitia mlango wa mbele. Begi likalala kwa Mama Shija. Asubuhi nikamshika Pendo mkono, nikampeleka bandani kuona vifaranga vilivyoanguliwa. Tukavihesabu, akanitajia rangi zao. Nyuma yangu nikasikia pikipiki ya Elias inawashwa, inaondoka polepole kama mwizi mwenye adabu.

Tuliporudi ndani Pendo akauliza, "Bibi, mama yuko wapi?"

"Ameenda sokoni kukununulia viatu vyekundu," nikasema. "Anarudi sasa hivi."

Neno lilitoka lenyewe, laini, kana kwamba lilikuwa linasubiri. Kwa nini viatu, kwa nini vyekundu, hata leo sijui.

Pendo akakaa kizingitini. Mchana nikamwita ale, akasema anamsubiri mama. Jioni akala matonge mawili, macho njiani. Jumatano akaamka akaenda moja kwa moja kizingitini, kanga ya mama yake mabegani. Hakulia, mwanangu. Kama angelia ningembembeleza. Mtoto anayesubiri bila kulia unambembeleza na nini?

Pale ndipo lilipoanza kunirudia la zamani, nikawa nalisukuma. Niliwahi kumwona mtoto amekaa hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini, tunaishi Ugalla. Marehemu mume wangu Damiano alikuwa mrina asali, na mwaka huo mizinga ilikuwa imekubali. Akasema twende Karema kwa kaka yake, na mimi nikalione ziwa. Mtoto wetu wa kwanza, Skola, alikuwa na miaka mitatu. Nilimtoroka alfajiri akiwa anaota moto na bibi yake, yaani mama mkwe wangu Veronika. Nilikaa siku nane. Nisikudanganye, zilikuwa siku nzuri. Nilinawa miguu kwenye maji yasiyo na mwisho, na Damiano akaniambia mambo ambayo nyumbani alikuwa hana nafasi ya kuyasema.

Niliporudi, Skola hakunikimbilia. Alinitazama kama mpita njia aliyeingia kuomba maji. Kisha akaja akashika pindo la kanga yangu, na pindo lile hakuliachia mwaka mzima. Kisimani yupo, jikoni yupo, hata chooni anasimama mlangoni. Mama mkwe alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Hata uso hakuinua. "Safari haimuumizi mtoto," aliniambia. "Kinachomuumiza ni mlango uliofungwa kimya kimya. Mwanao alidhani umekufa. Na mimi niliyejua uliko, ulikuwa umenifunga mdomo."

Nilimwitikia, ndiyo mama. Ndiyo ya mdomoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa, ila mimi guu langu lilikawia kuvunjika miaka hamsini.

Alhamisi, saa nane mchana, nilikuwa namwogesha Joshua uani. Nikamfuta, nikamfunga nguo, nikageuka. Kizingiti kilikuwa kitupu.

Nikaita. Nikaingia ndani, nikachungulia uvunguni, nikaenda bandani kwa vifaranga. Nikaita tena. Nikambeba Joshua hadi kwa Mama Shija, hayupo huko. Tukaenda bombani kwenye foleni ya ndoo, hakuna aliyemwona. Tukaenda mtaroni, ule mtaro mrefu wa barabarani, na hapo Mama Shija ndiye aliyechungulia. "Hakuna kitu," akasema. "Takataka tu." Malori yalikuwa yanapita na magunia ya mpunga, na kila lililofunga breki niligeuka kulitazama.

Na katikati ya hayo, simu ikalia. Neema. Huko Karema walipofikia mtandao haushiki mpaka upande kilimani, na kila siku mchana alikuwa anapanda kutusalimia. Nikaitazama ile simu mkononi mwangu kama nyoka. Nikimwambia, siku zake tano zimekufa, na njiani anaweza kufa yeye kwa wasiwasi. Nisipomwambia, je kama...? Sikulimaliza wazo.

"Shikamoo mama. Watoto hawajambo?"

"Marahaba. Wapo. Wanacheza."

"Mbona unahema?"

"Natwanga."

"Unatwanga nini saa hizi, mama?"

"Kisamvu," nikasema, na lori likapita likapiga honi. Nikakata.

Mama Shija alikuwa ananitazama. Hakunisema. Aliuliza tu, "Hivi yule mtoto ulimwambia mama yake kaenda wapi?"

"Sokoni."

"Basi si ndiko aliko."

Tulimwita Elias. Joshua akabaki kwa Mama Shija, mimi nikapanda pikipiki, mzee mzima, nimemkumbatia Elias kiunoni kama bibi harusi. Huyo naye akapata neno: "Bibi, legeza kidogo, mke wangu akituona." Sikucheka. Nimekuja kucheka baadaye, mwezi umeshapita.

Sokoni tukapita kwenye dagaa, tukapita kwenye nyanya, tunauliza, mtoto wa miaka minne, ana kanga ya bluu. Mama mmoja wa karanga akanyoosha kidole kule kwenye viatu vya mitumba. Na kule, kwenye turubai la muuzaji mmoja jina lake Bosco, Pendo alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, kanga mabegani, viatu vyekundu vipo mapajani. Hakuvivaa. Alikuwa amevishika tu.

"Bibi, huyu ni mteja wangu," Bosco akasema. "Tangu mchana ananiambia mama yake anakuja kununua vyekundu. Nimempa avishike nisije nikaviuza. Anaongea kwa uhakika, nikajua mama yuko nyuma."

Pendo akainua uso. "Bibi," akasema, "mama amechelewa."

Mwanangu, nimezika mume. Nimezika na watoto wawili. Lakini maneno yale mawili yalinikalisha chini pale pale kwenye vumbi la soko, kati ya viatu vya watu. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimefika mwisho wake, na mjukuu wangu ndiye aliyekuwa ameitembea yote kwa miguu, barabara ya malori akaivuka peke yake.

Nikamwambia hapo hapo. "Pendo, mama hayupo sokoni. Bibi alikudanganya."

"Yuko wapi?"

"Ameenda ziwani na baba, kupumzika. Atarudi Jumapili."

"Mbona hajaniaga?"

"Mimi ndiye niliyemkataza."

Akanitazama kwa muda mrefu. Watoto wanapima, msidhani hawapimi. Kisha akauliza, "Na viatu?" Nikavinunua. Sikununua kwa furaha, nilinunua ili katika ule uongo wangu kipatikane angalau kitu kimoja cha kweli.

Nikampigia Neema nikidhani sitampata. Akapokea mlio wa kwanza. Alikuwa bado amekaa kule kilimani, kisamvu changu hakukiamini. Nikamweleza yote, kuanzia vifaranga. Kisha nikasikia anaanza kulia, na Deusi akachukua simu. "Mama, kesho asubuhi tunarudi," akasema, kwa ile sauti yake ya kufunga mjadala.

Sikubishana naye. Ningebishana kwa haki gani? Nikasema tu, kabla hamjaamua, ongeeni na mtoto. Nikamwekea Pendo simu sikioni.

"Mama, uko wapi?"

"Niko ziwani, mwanangu. Nisamehe sikukuaga."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa tu?"

"Nimekaa tu, na baba yako."

Pendo akafikiri. Mimi nikaokota punje tatu za mahindi zilizodondoka pale chini, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia, kila asubuhi tutampa kuku punje moja. Ya Ijumaa, ya Jumamosi, ya Jumapili. Ya mwisho ikiliwa, siku hiyo hiyo mama anaingia. Akazihesabu kwa kidole. Akarudi kwenye simu.

"Haya, kaeni," akamwambia mama yake. "Punje zikiisha mje."

Nikamsikia Neema anacheka huku bado analia. Wakabaki.

Sitasema siku zile tatu nilipumzika. Kila saa nilikuwa namtafuta Pendo kwa macho, nilifunga geti kwa kamba, nikawa namwogesha Joshua huku nimetazama kizingiti. Usiniulize kama nilisali. Je, kama lori la kuwaleta kutoka Karema likiharibika? Kama daraja limejaa maji, na punje ya tatu imeshaliwa? Sasa niliogopa kitu kingine: nilikuwa nimesema kweli, na kweli nayo inatakiwa itimie.

Ilitimia. Jumapili mchana wakashuka kwenye pikipiki ya Elias, nyuso zimeiva kwa jua, wamebeba samaki wa kukaushwa, na Deusi alikuwa anamwambia mkewe kitu njia nzima mpaka mlangoni hakijaisha. Pendo akawakimbilia, akawakumbatia, akaonyesha viatu. Halafu akaenda zake kucheza na watoto wa Mama Shija.

Neema akasimama na begi mkononi. "Mama," akasema, "mbona hata hanishiki?"

"Shukuru," nikamwambia.

Maana mimi najua kushikwa. Skola wangu sasa ni bibi, ana wajukuu wake Inyonga. Akija kunisalimia tunakaa vizuri, tunaongea, tunacheka. Lakini nikiinuka tu, hata nafuata maji ya kunywa, anauliza haraka, kabla hajafikiri: "Mama, unaenda wapi?" Miaka yote hiyo. Namjibu, "Mtungini, mwanangu. Narudi." Namjibu kila mara, na nitamjibu mpaka nitakapokwenda kule ambako mtu harudi. Na huko nako, Mungu akinipa nafasi, nitamuaga.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Nenda ukapumzike na mwenzio. Nyumba yenye watoto inasimama juu ya watu wawili, na watu wawili wakisahauliana watoto ndio wanaoangukiwa na paa. Usisikilize wanaocheka. Lakini begi lako lipange mbele ya mtoto. Mwambie unakwenda wapi na siku ya kurudi, mpe cha kuhesabia, kisha umuage usoni, na akilia mwache alie huku anakuona. Kilio cha kuagwa kinakauka kabla ya chakula cha mchana. Kile kingine kinaweza kukaa kizingitini miaka hamsini. Na siku uliyosema utarudi, rudi.

Mungu awape safari ya kwenda na ya kurudi. Awape maneno ya kuambiana huko ambayo hayahusu unga wala homa. Na watoto wenu wautazame mgongo wako ukienda, wasiogope, kwa kuwa uso wanaujua unarudi.

Na kama kuna jina nimelikosea hapa, au siku nimeichanganya, nisahihisheni nyie mliokuwepo. Mama Shija anasema waliondoka Jumatano, mimi nasema Jumanne. Elias anadai yule wa viatu si Bosco, ni ndugu yake. Semeni tu, sitachukia. Nilishamuongopea mtoto mara moja, sitaki kumuongopea mwingine.