Mama wa Kisiagi

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu hapa Doha. Ibada ikiisha kanisani pale Mesaimeer watu hutawanyika, wengine mbio kuwahi basi, wengine kusimama nje kusalimiana hadi jua liwafukuze. Sisi wachache tulikuwa na kwetu. Tulielekea Abu Hamour kwa nesi mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sebule kubwa na sauti kubwa zaidi, tukakae kwenye zulia lake tubishane juu ya upuzi. Siwezi kuuita jina lingine. Watu wazima wenye kazi na watoto, tulikuwa tunabishania kipindi cha vichekesho kilichoonyeshwa nyumbani Kenya tulipokuwa wadogo, cha mji mdogo wenye kinyozi mmoja, chifu mmoja mwoga na kisiagi kimoja, ambapo mji wote ulipeleka mahindi yakasagwe na kurudi na unga pamoja na umbea.

Kila mtu alikuwa na chake cha kuonyesha. Nesi alikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya waigizaji, ile iliyogawiwa madukani, iliyokunjwa mpaka kinyozi akakatika shingo. Mlinzi wa hoteli alikuwa na kofia aliyoapa kwamba ilivaliwa na chifu mwenyewe kwenye kipindi. Tulimwachia kiapo chake kwa sababu chapati alipika yeye. Maswali nayo hayakuisha. Baiskeli ya kinyozi ilikosa nini? Mbuzi wa chifu aliliwa na nani? Siku moja tuligombana vibaya juu ya rangi ya mlango wa kisiagi, nesi akishikilia kijani, mlinzi bluu, hadi ikajulikana kwamba kwao mlinzi walitazama runinga ndogo ya betri ya gari isiyokuwa na rangi.

"Wewe kwenu kila kitu kilikuwa kijivu," nesi alimwambia. "Unabishana na mimi kwa nini?"

Na tulikuwa na desturi yetu. Mtu akitupa mwanzo wa maneno ya kipindi, wengine wote tuliyamalizia papo hapo, kwa pamoja, hata kama mdomo umejaa chai. Anayechelewa anaosha vyombo. Mimi sipendi kuosha vyombo, kwa hiyo nilijizoeza. Nilikuwa na ulimi mwepesi kuliko wote, na nilijivunia hilo zaidi ya cheti changu cha kompyuta kinachonilisha.

Jambo ambalo sikuwaambia kwa miezi mingi ni kwamba yule mama wa kisiagi, yule mwenye unga hadi kwenye kope, aliyekuwa akisimama mlangoni na kusema, "Mimi simo, lakini keti nikuambie," ni mama yangu mzazi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliigiza vipindi vichache tu, akaugua, akafa nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilibaki na picha zake, na picha hazisemi. Sauti yake siijui. Nilimuuliza mara nyingi mama mdogo, mdogo wake aliyenilea, sauti ya mama ilikuwaje, naye kila mara alinijibu, "Ilikuwa sauti ya mama yako tu, mwanangu." Mtu akikujibu hivyo utamuuliza nini tena? Inasemekana mikanda ya kituo cha runinga ilirekodiwa vipindi vingine juu yake. Vipande vilivyomo mtandaoni ni vya kinyozi na chifu. Nimevitazama vyote, na mama hayumo hata katika kimoja.

Basi kila Ijumaa nilikaa kwenye zulia nikiwatazama watu wakimwiga mama yangu. Nesi alimpa sauti ya puani. Mlinzi alimpa sauti nene ya mlevi. Wote walicheka, nami nikacheka nao, huku moyoni nimejaa hasira ambayo sikujua nimpe nani. Hao walimsikia. Wageni kabisa, waliokuwa wameketi sakafuni kwa majirani wakila ugali, walimsikia mama yangu, na mimi sikumsikia. Mwisho nikaanza kumwiga pia, nikichukua kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Wakasema mimi ndiye ninayempata vizuri. Sikujua kama nishukuru au nilie.

Kisha dereva mmoja wa kundi letu, anayeendesha gari la familia moja ya hapa, akarudi kutoka likizo. Alituandikia kwamba amepata kwao mkanda wa video, ule wa kaseti nyeusi kubwa. Marehemu baba yake alikuwa amerekodi vipindi kutoka kwenye runinga, na mwishoni akarekodi harusi ya binti yake. Kimoja cha vipindi hivyo ni kile ambacho chifu anaenda kisiagini kuulizia mbuzi wake.

Nilisoma ujumbe ule nikiwa kazini, mtu amesimama mbele yangu analalamika kwamba printa yake imekwama. Nilimwambia asubiri. Nikaandika kwenye kundi: huyo wa kisiagini ni mama yangu.

Halafu mmoja akaandika kwamba hata yeye mjomba wake alikuwa mbuzi wa chifu. Nilimjibu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, kisha nikatuma picha ya mama akiwa na aproni ya kipindi, kanibeba mimi. Hakuna aliyecheka tena. Jioni nesi alinipigia simu, akavuta pumzi, akasema, "Na sisi tumekuwa tukimfanyia mchezo mbele yako. Dada, mbona ulituacha tuendelee?"

Mashine ya kuchezea mkanda tuliipata kwa fundi Mhindi hapo hapo Abu Hamour, ikiwa chini ya rundo la redio mbovu. Dereva alimpelekea kaseti aiangalie kwanza. Fundi akafungua kile kifuniko chake, akamulika tochi, akatikisa kichwa. Ukungu mweupe ulikuwa umeushika mkanda. Alisema unaweza kupita mara moja. Mara ya pili hakuahidi, na hata ya kwanza aliiahidi akiangalia pembeni.

Ijumaa ile sikusikia neno la mahubiri. Tayari pale getini palikuwa na vurugu, maana dereva alikataa katakata kupitisha kaseti kwenye mashine ya ukaguzi wa mifuko. Alikuwa amesikia kwamba inafuta. Mlinzi wa getini, kijana wa kwetu, aliigeuza geuza kaseti mkononi.

"Hii ni nini, kaka?"

"Ni mkanda wa video."

"Inawekwa simkadi wapi?"

Wakati mwingine ningecheka. Siku ile nilitaka kumnyang'anya. Alituruhusu tupite nayo mkononi, na dereva akaiweka ndani ya shati wakati wote wa ibada, amekaa wima asiguse kiti.

Tulipofika kwa nesi, fundi alikuwa ameshaunganisha nyaya na kuondoka. Dereva hakuketi. Alisema madam wake anataka kupelekwa kwa dada yake baada ya sala ya alasiri na anaweza kupiga simu wakati wowote. "Na nikipigiwa naenda na mkanda wangu," alisema. "Msinione mbaya. Harusi ya sista yangu iko huko mwisho, na mzee wangu ndiye aliyeshika kamera."

Nesi akasimama mbele ya runinga kama mwalimu wa zamu. "Leo hakuna kumalizia," alisema. "Mnanisikia? Mtu akisema neno, asirudi hapa kwangu. Leo huyu dada anamsikiliza mama yake. Tumeelewana?"

Wote wakaitikia. Mlinzi wa hoteli akasema afadhali ajizibe mdomo na chapati, na hakuwa anatania, alichukua nzima akaikunja mkononi tayari. Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilishika simu yangu kifuani, nimeiwasha irekodi, kwa sababu sikuiamini meza wala mkono wa mtu mwingine.

Dereva akaingiza kaseti. Mashine ikaguna, ikameza, na runinga ikajaa chenga. Kisha picha ikaja, imepinda juu, rangi zimekimbia, lakini ni ule mji. Barabara ile ile. Kinyozi akatoka na kiti chake na kusema maneno ambayo kila mtu mle ndani aliyajua kuliko sala. Niliona mabega ya watu yakitikisika. Nesi aliuma mtandio wake. Mlinzi akaanza kula. Kinyozi alitupa la pili, na la tatu, kila mara akinyamaza katikati kama anayetungoja sisi, na sebule nzima ikajizuia. Niliwapenda sana wakati ule. Nilikuwa nimewaogopa wao.

Simu ya dereva ikatetemeka. Akaitazama. Mimi nikamtazama yeye, na sijui uso wangu ulikuwaje, lakini aliirudisha mfukoni.

Picha ikaruka mara mbili. Kisha tukasikia kisiagi kabla hatujakiona, ule mlio wa injini ukipanda na kushuka. Chifu akafika mlangoni, kofia mkononi. Mlango ulikuwa wa kijani, na hakuna aliyesema kitu. Ukafunguka, akatoka msichana mwenye unga usoni.

Nasema msichana kwa sababu ndivyo nilivyomwona. Mimi sasa ni mkubwa kuliko yeye. Alikuwa na mikono yangu. Aliipangusa kwenye aproni polepole, akamtazama chifu juu hadi chini, akaegemea mlango, injini nyuma yake ikazimwa.

"Mimi simo," alisema.

Akanyamaza. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba alikuwa akinyamaza hapo. Wote waliomwiga walikimbilia mbele wapate kicheko, lakini yeye alisimama tu, akamwacha chifu asogee, asogee tena, shingo imeinuka.

"Lakini keti nikuambie."

Nililisikia neno likitoka na nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu nizaliwe. Halafu nikahisi koo langu linatetemeka.

Picha ikakunjana. Mashine ikapiga kelele mbaya, dereva akaruka juu ya miguu ya watu akachomoa waya, na alipoivuta kaseti, mkanda ulitoka nao umejikunja mrefu, umesagika. Alipiga magoti akaugusa kwa kidole. Upande wa harusi ulikuwa bado umezungushwa salama ndani. Kilicholiwa ni kile kipande tu. Baadaye fundi alikikata na kuunganisha ncha, akasema la kuvunda halina ubani, kwa lugha yake.

Nikageuka nyuma. "Nani amesema?" niliuliza, ingawa nilijua. "Nani amemalizia?"

Nesi bado alikuwa ameuma mtandio. Mlinzi mdomo umejaa chapati, machozi yanamtoka. Ulimi hauna mfupa, na wa kwangu niliunoa mwenyewe Ijumaa baada ya Ijumaa nisioshe vyombo. Nilitamani mmoja wao angekuwa ndiye. Ningemchukia vizuri maisha yangu yote.

Dereva alipigiwa tena, akapokea, akasema, "Yes madam, coming madam," akaondoka na kaseti yake bila kuniangalia. Nesi akanishika mkono. "Dada, haki ya Mungu, sikukusikia," alisema. "Nilisikia mtu mmoja. Nilidhani ni yeye." Nilimwona mwongo mwenye huruma, nikauondoa mkono wangu.

Nyumbani niliicheza ile rekodi. "Mimi simo" lilikuwa lake peke yake. Sauti ya chini kidogo, kavu, isiyofanana na ya puani wala ya mlevi. Maneno mawili. Kisha ule ukimya, kisha yale mengine, makubwa na ya karibu, kwa sababu simu ilikuwa kifuani pangu, chini ya mdomo wangu. Ya mama lazima yamo humo ndani. Nilitafuta kwa spika za masikioni, nikapunguza, nikaongeza, nikapitisha kwenye programu ninayoijua kazini. Sikumpata. Nilikuwa nimemfunika mzima.

Kesho yake nilimpigia mama mdogo kwa video. Sikumweleza lolote, nilimwambia tu kuna kitu nataka asikilize. Alivuta kiti karibu na simu, akakunja mikono, nikabonyeza.

Alishtuka. Akachukua leso akajifunika uso, mabega yakamtetemeka, nami nikasubiri. "Rudia," alisema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena.

Alipoondoa leso alikuwa anatabasamu na macho mekundu. "Hapo mwanzo anaigiza," alisema. "Anajikaza kwa sababu ya kamera, ndivyo alivyokuwa. Hata nilikuwa nasema sina hakika. Lakini hapo, mwanangu, hapo anaposema keti nikuambie, hivyo ndivyo alivyokuwa akiongea nyumbani. Huyo ndiye dada yangu. Miaka yote unaniuliza sauti yake, si ndiyo hiyo? Umeisikia sasa?"

Aliniuliza tena kama nimeisikia. Nilitikisa kichwa kukubali, nikajiziba mdomo kwa mkono, kwa maana nilijua nikimjibu atajua ile sauti ni ya nani.