Madirisha ya Treni za Ulaya

Leo nimemcheka mume wangu, halafu nikaishia kulia jikoni.

Tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Binti yetu Rehema anataka tukatembee Ulaya kwa treni, taratibu, bila haraka. Leo akatuonyesha picha kwenye simu: milima, maziwa, viti kama sofa!

Baba Rehema akazitazama zote. Mwisho akauliza, "Madirisha yanafunguka?"

Jamani, nilicheka! "Mle mna kiyoyozi, Baba Rehema. Ufungue dirisha ununue machungwa?"

Akainuka. Akaingia ndani, akatoka na bakuli langu la bati, rangi imebanduka ukingoni.

Kicheko kikakatika.

Usichana wangu nilikuwa nauza machungwa stesheni ya Ngerengere. Abiria mmoja akalipokea bakuli hilo la machungwa dirishani, treni ikang'oka kabla hajanirudishia. Wiki iliyofuata akashuka nalo mkononi. Ndiye huyu.

"Nilitaka tulibebe," akasema. "Treni ikisimama popote, wewe ushuke, unipe tena dirishani."

Mliofika huko, niambieni ukweli. Hakuna hata treni moja ambayo dirisha lake linafunguka?