Gitaa la Kumpisha Mama

Mjomba wangu ni fundi wa magitaa, na kwa ubishi sijaona mwenzake. Ukimpelekea gitaa bovu hakuulizi kitu. Analigonga tumboni kwa kidole, anasikiliza, kisha anakuambia ni kipande gani cha ndani kimeachia gundi. Sikio lake halikosei, na mdomo wake hauna breki.

Mama, dada yake mkubwa, alikuwa mwimbaji. Tangu ujana wao walizunguka kwenye arusi na kumbi, mama akiimba, mjomba akimpigia. Kisha mama akapata uvimbe kooni. Daktari aliutoa, lakini akatuambia wazi kwamba sauti itaendelea kufifia na haitarudi. Mimi nililia. Mjomba alisema daktari anajua makoo, hajui nyimbo.

Alichotaka ni kimoja tu, amsikie dada yake akiimba tena. Akaja nyumbani na gitaa lao la kazi, lile lenye tumbo pana na nyuzi za chuma. Mama akaimba. Nyuzi zikavuma chumba kizima, na sauti ya mama ikazama humo humo.

"Sauti ipo," mjomba akasema. "Gitaa ndilo linaifunika. Hili liliundwa kujaza ukumbi, dada."

"Mdogo wangu, acha," mama akanong'ona.

"Nitakutengenezea jingine."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alijifungia karakanani, kazi za watu zikalala ukutani. Akatoka na gitaa dogo la nyuzi za nailoni. Ubao wake wa mbele alikuwa ameuranda hadi ukawa mwembamba mno, na ndani aliweka vijiti vichache tu vya kuushikilia, kwa sababu nailoni haivuti kwa nguvu. Ukilifunga nyuzi za chuma, alisema, linang'oka uso. Sauti yake ilikuwa laini, tena fupi, inazimika mapema. Mama akaimba, nami nikashika neno hapa na neno pale.

Mjomba akasema bado lina kelele. Akapachika kitambaa chini ya nyuzi, akawa anapiga kwa nyama ya kidole bila kucha. Kila alipopunguza gitaa, mama naye alikuwa amepungua zaidi. Nilichoka, nikamwambia, "Mjomba, asiyekubali kushindwa si mshindani." Akanijibu kwamba yeye hashindani na mtu, anatengeneza gitaa.

La mwisho lilikuwa la umeme, lisilo na tumbo kabisa. Ni ubao mmoja mzima, mzito kama mlango. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zinazonasa mtikisiko na kuupeleka kwenye spika, na bila spika halisikiki hata chumba cha pili. Mjomba aliliacha bila waya makusudi.

"Leo hakuna cha kumfunika," akaniambia. Nilimwonea huruma.

Mama aliketi kitandani, tukamwekea mto mgongoni. Mjomba akainamia nyuzi, akafumba macho, kama alivyozoea kufanya akimpigia, akaanza utangulizi. Mama akafungua mdomo. Niliona midomo ikicheza, mishipa ya shingo ikisimama, mkono ukipanda palepale ulipokuwa ukipanda zamani. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba kiitikio, akaimba ubeti wa pili. Mimi nilisikia nyuzi tu, nyembamba, kama mtu anakwaruza meza kwa kucha. Mama alimaliza wimbo, akafuta jasho.

Mjomba alikuwa bado anazungusha utangulizi uleule, macho yamefumbwa, sikio amelitega.

"Haya, dada," akasema kwa upole. "Niko tayari. Anza basi."

Mama akanitazama, kisha akafungua mdomo tena.