Jezi Juu ya Jeneza la Festy

Mjomba wangu Festy Gavin alikuwa kipa wa timu ya mpira wa magongo ya parokia yetu, Kilbrack. Asubuhi ya fainali, nahodha Malachy Breen alimpokonya jezi akampa mdogo wake mwenyewe wa damu. Kilbrack wakachukua kombe, na picha ya mabingwa ikatundikwa baa bila Festy. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusalimiana, hata kanisani.

Kwetu mchezaji akifa, klabu ndiyo humbeba, jezi yake ikiwa juu ya jeneza, na mwenyekiti hushika mbele. Mwenyekiti sasa alikuwa Malachy.

"Mimi niwekee ya Derryloe," Festy aliniambia akiwa mahututi. Derryloe ni mahasimu wetu, parokia ya ng'ambo ya mto.

"Mjomba, watanitoa roho!"

"Yangu itakuwa imeshatoka. Wewe hakikisha tu Malachy anabeba."

Siku ya mazishi nilingoja Malachy aliinue jeneza begani, ndipo nikaitandaza ile jezi nyekundu ya Derryloe. Parokia nzima ilikuwa imejipanga njiani ikitazama, kulitua asingeweza.

"Mshenzi wewe, toa hilo tambara!" alininong'oneza.

"Tembea, mzee," nikamwambia. "Hii humpokonyi."