Taulo Katika Nyumba Iliyochomwa

Hii aibu wacha niiseme mwenyewe. Siku tatu nilikuwa nazunguka Lugari, magharibi mwa Kenya, peke yangu, nikipiga picha za nyumba zilizochomwa wakati wa vita ya uchaguzi miaka mingi iliyopita, bila kuongea na mtu. Jana nikapata moja isiyo na paa, taulo imeanikwa ukutani. Moyo ukaniuma: waliokimbia waliiacha! Nikainusa. Miaka yote hiyo na bado inanukia sabuni! Machozi yakanitoka.

"Pole, nyumba," nikasema kwa sauti. "Mimi na wewe hatuna mtu."

Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma ya ukuta.

"Kijana, mimi niko. Hapa ndio naoganga. Ukimaliza kulia, nirushie hiyo taulo, baridi itaniua."