Défi na Kidole cha Mama wa Lac Vert

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa mahakama, ambaye sisi tulimwita greffier, hakunipa hata kiti. Alinipa daftari la shule lililochakaa, urithi wa mkalimani aliyenitangulia. Kushoto maneno ya Kifaransa, kulia Kiswahili.

"Shika hii kwa kichwa," aliniambia. "Weye uko mudomo tu. Kufikiri iko kazi ya juge, ya hakimu."

Nilishika. Nilikuwa kijana mwenye hamu ya kupendwa na wakubwa, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Daftari lilisema défi ni kiburi, basi nami nikasema kiburi: Rutshuru, Masisi, na hatimaye hapa Goma. Kazi ilikwenda hivi: mshtakiwa anahojiwa, maelezo yanaandikwa kwa Kifaransa katika karatasi iitwayo PV, mkalimani anamsomea kwa lugha anayoielewa, kisha anachovya kidole gumba katika wino na kukibandika chini. Kikishabandikwa, maneno yale ni yake, hata kama hajawahi kuyatamka. Wakubwa walipenda mkalimani wa haraka, nami nilikuwa wa haraka kweli.

Ndipo akaletwa mama mmoja, mzaliwa wa milima ya Masisi, mkulima wa Lac Vert, nje kidogo ya Goma. Chef, yaani chifu wa eneo lake, alimshtaki kwamba amemfanyia défi: mama aliketi katikati ya shamba lake mwenyewe la maharage akakataa kuondoka. Nilimsomea PV. Nilipofika penye kiburi, akarudisha mkono nyuma.

"Kiburi? Hapana, papa. Sikusema vile."

"Mama, tia tu kidole, watu wanangoja. Bila kidole utarudi kwa cachot."

"Basi nirudi! Ule chef nilimuamini. Alisema nimuachie shamba ya kwanza, atanipatia ingine. Hakunipatia kitu. Sasa anatafuta na ya pili. Imani yenye nilikuwa nayo kwake nikaiondosha, nikamuambia mbele ya watu. Andika hiyo."

Askari wakamrudisha mahabusu. Mimi nikaenda kwa hasira kwenye kamusi kubwa ya ofisini, nimwoneshe kesho kwamba yeye hajui kitu. Nikasoma kwamba défi limetoka kwa kitenzi défier, na kwamba hapo kale mtu alilitumia kumtangazia bwana wake waziwazi kuwa amemwondolea imani. Nilisoma mara tatu. Mama ambaye hajakanyaga darasa alikuwa amenieleza neno hilo tangu mzizi wake, nami mwenye diploma nikamwita mwenye kiburi! Niliona aibu, kisha hasira ikarudi, safari hii kwangu mwenyewe na kwa daftari lile.

Kesho yake nilisimama mbele ya juge kabla sijaulizwa kitu.

"Mukalimani, uko avocat yake, wakili?"

"Hapana, Président," nilisema, nikimwita juge kwa cheo chake. "Niko mudomo yake, na mudomo ilisema uongo."

Nikaeleza. Juge akamtaka mama arudie maneno yake, kisha akamgeukia chef: "Na ile shamba yenye ulimuahidi iko wapi?" Chef hakuwa na shamba la kuonyesha, na juge akayafuta mashtaka. Mama akaenda zake kupalilia maharage.

Greffier hakunisamehe. Alisema mkalimani anayefikiri anachelewesha watu, akanitupa kwenye chumba cha faili mpaka nilipostaafu. Na huko, vijana wangu mnaonisikiliza, ndiko nilikokutana na kazi yangu yote. PV zangu, mafungu kwa mafungu. Wakulima, wachungaji wa ng'ombe, wajane. Défi, na chini yake kidole. Défi, na chini yake kidole.

Mmoja alama yake ilikuwa imeburutika, wino umepaka karatasi kama mtu aliyetaka kuuondoa mkono. Nilimkumbuka. Nilikuwa nimemshika kiwiko, nikamwambia afanye haraka.