Sambaza Iko

Télesphore ni fundi wa miavuli pale Kadutu, na katika mji wenye mvua kama Bukavu fundi wa miavuli halali njaa. Ni mtu mwema, ila mbishi. Mkewe, marehemu Mapendo, alizoea kusema kwamba ubishi ungekuwa unauzwa sokoni, wao wangeshajenga ghorofa. Ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya simu: yeye na simu yake ya tochi, basi. Ile ya kisasa aliyotumiwa na binti yao Charlène kutoka Lubumbashi ilikaa kabatini ndani ya boksi, haijawahi hata kuwashwa.

Mapendo alikuwa kinyume chake. Aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, na biashara yake yote ilikuwa ndani ya simu moja iliyopasuka kioo. Kila alfajiri aliketi jikoni, akabonyeza, akalitumia ujumbe wa sauti kundi la WhatsApp la akina mama wa shirika lao, yaani jumuiya ya kanisa ya mtaani: "Mamans, mumeamuka? Sambaza iko." Télesphore, angali kitandani, alikuwa akijibu kwa sauti, "Tumeamuka," kumchokoza tu, maana hakuna aliyemuuliza. Miaka minne walikwenda hivyo. Hakuwahi kuzisikiliza sauti hizo kwenye simu. Ya nini, na mwenye sauti alikuwa hapo jikoni?

Presha ilimchukua Mapendo mwezi wa pili. Walikaa matanga kama inavyopasa, na siku ya kuyatoa, vitu vyake viligawiwa ndugu. Vikwembe, yaani vitenge vyake, vilikwenda kwa mawifi. Simu ilikwenda kwa mdogo wake Lucie wa kisiwani Idjwi, aliyekuwa akimletea samaki. Télesphore mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mbele ya watu wote. Kwake simu ilikuwa kama sufuria: ukishaiosha, ni ya atakayepikia.

Wiki tatu baadaye Maman Jeanine, mkuu wa shirika, alisimama mbele ya meza ya kazi ya Télesphore. Hakuwa na mwavuli wa kutengenezwa.

"Papa Télesphore, usiogope. Maman Mapendo ametuandikia."

"Unasema nini, maman?"

"Angalia mwenyewe. Iko en ligne, mtandaoni, sasa hivi."

Kwenye simu aliyomnyoshea, picha ilikuwa ya Mapendo, amevaa kikwembe chake cha njano cha sikukuu. Chini yake kulikuwa na maneno: Jambo mamans. Sambaza iko. Nani anataka? Moyo wa Télesphore uliruka kabla akili haijafika. Kwa pumzi moja, na hili hakumwambia mtu, aliamini. Kisha akili ikafika, na uchungu wa siku ya kwanza ukarudi wote.

"Maman mumoja ametoka mu kundi kwa woga," Jeanine alisema taratibu. "Mwengine anataka tuombe misa. Tunakuomba, papa, ile compte yake ya WhatsApp uifunge."

Télesphore alimpigia Lucie simu palepale. Lucie hakuwa na wasiwasi wowote.

"Shemeki, si mulinipatia simu? Ulisema mbele ya watu: hii ni ya Lucie. Watu wananisalimia humo, niwanyamazie? Na sambaza kweli iko."

Télesphore alitaka kukasirika akashindwa, akacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi.

Alipompigia Charlène, yeye hakucheka. "Papa, tufute yote. Wezi wanachukua compte ya mufu, wanadanganya watu kwa jina lake. Nitamuelekeza tantine Lucie, leo leo inaisha."

"Na sauti yake?"

"Sauti gani, papa?"

"Ya asubuhi."

Binti akakiri kwamba compte ikifutwa, sauti zilizomo katika simu ile zitakwenda nayo. Na sauti nyingine ya Mapendo haikuwapo popote; akina mama wa kundi hufuta za jana ili simu zao zisijae. Picha zilikuwapo za kutosha, lakini picha haisemi.

"Basi haifutwi," alisema Télesphore.

Kusema ni rahisi. Kitu kilichogawiwa siku ya kutoa matanga hakirudishwi. Kumdai Lucie simu ile kungekuwa kumwambia kwamba undugu wao ulizikwa pamoja na dada yake. Na kama simu ingebaki Idjwi, mke wake angeendelea kuuza samaki kila siku huku wenzake wakimwombea misa. Siku tatu Télesphore alilibeba jambo hilo. Mteja mmoja alirudisha mwavuli uliokuwa ukifunguka upande mmoja tu.

Ijumaa Lucie alivuka na boti ya samaki. Télesphore alimkaribisha chai, akaenda kabatini, akarudi na lile boksi.

"Lucie, siombi unirudishie. Tubadilishane. Hii ni mupya, haijaguswa."

Lucie alitazama boksi, akamtazama shemeji yake. "Mupya kwa ile ya kupasuka? Shemeki, biashara unaijua kweli?"

"Ninajua miavuli tu."

Lucie alielewa, macho yakamjaa machozi. Kubadilishana si kurudisha, na desturi haikuwa na la kusema. Charlène akawaelekeza kwa simu, hatua kwa hatua. Télesphore alibonyeza mahali mkewe alipokuwa akibonyeza, akaliambia kundi: "Mamans, ni miye Télesphore. Aliyewaandikia ni Lucie, mudogo wake, na hakuwa na ubaya. Atawaandikia kwa jina lake, mumununulie. Mapendo anawaaga." Kisha akamtoa mkewe katika kundi kwa kidole chake mwenyewe, akalia, wala hakujificha.

"Na sauti zimekwenda?" aliuliza alipoweza.

"Ziko." Lucie alipandisha kidole juu, akachagua moja ya zamani, akaiweka simu katikati ya meza.

"Mamans, mumeamuka? Sambaza iko."

Halafu, kabla haijakatika, ikasikika kwa mbali sauti nzito ya mwanamume mwenye usingizi: "Tumeamuka."

Télesphore aliinua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni weye, shemeki," alisema Lucie. "Ulikuwa haujui? Uko mu zote."

Akabonyeza nyingine.